Wivu wa Kuazima

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mchana, saa ambayo jengo zima lilikuwa linatafuta chakula kwa wakati mmoja. Ndani walibanana mzee mmoja aliyekumbatia bahasha ya eksirei, wanawake wawili wa ofisi ya usafirishaji, mhudumu wa mgahawa na sinia lake la chai, na mpima macho wa duka la miwani la ghorofa ya tano. Wote walikuwa wanamlaumu mwenye jengo isipokuwa mpima macho, aliyekuwa anamshuku mhudumu wa mgahawa. Alikuwa amemwona akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja.

Ndivyo alivyokuwa. Wapo watu wanaozaliwa na vishimo mashavuni, yeye alizaliwa na shaka, na maisha nayo yakaja kuimwagilia maji. Mchumba wake wa kwanza, muuza bima mwenye maneno ya asali, alikuja kugundulika ana mke na watoto mji mwingine. Aliyegundua ni yeye mwenyewe, kwa kiatu kimoja cha mtoto alichokikuta chini ya kiti cha gari. Tangu hapo hata akiambiwa habari za asubuhi, huangalia saa kwanza.

Milango ya juu ikapanuliwa kwa mikono na kichwa cha mwanamume kikachungulia.

"Poleni jamani. Mtatoka mmoja mmoja. Mzee, nipe mkono."

Mzee akatoka, wanawake wakatoka, sinia likatoka bila kumwaga chai. Mpima macho akabaki amesimama na koti lake jeupe mkononi, gauni la zambarau limemkaa kiunoni kama alizaliwa nalo, hana haraka.

"Dada, njoo."

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa lifti."

"Nitajuaje kwamba haitaondoka nikiwa nusu huku, nusu huko?"

"Nimezima umeme."

"Nani amekuona ukizima?"

Watu waliokuwa wamejazana koridoni wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo. "Swichi kuu nimeipiga kufuli. Ufunguo wenyewe ni huu. Shika wewe, ndipo nikuvute."

Aliushika, akavutwa, na kwa muda mfupi akawa kifuani kwa mtu asiyemjua. Aliona kwamba fundi huyo alisimama wima kupita mafundi wote aliowahi kuwaona, shingo imenyooka utadhani ana ndoo ya maji kichwani.

"Ufunguo wangu," fundi alisema.

"Tumia wa akiba. Huu nitakurudishia lifti ikifanya kazi siku nzima bila kukwama," alijibu, akashika ngazi.

Jioni yake fundi akatokea dukani, amenawa, amevaa shati safi la bluu. Akasema anataka kupimwa macho. Mpima macho akamkalisha kwenye chumba chenye giza, akamwambia aweke kidevu hapa na paji la uso pale, kisha afuate kidole kwa macho tu bila kutikisa kichwa. Macho yale yalikwenda pembe hadi pembe polepole, bila kuruka hata mara moja, kama yamewekwa kwenye reli. Kazi ile alikuwa ameifanya miaka, na macho yanayotii hivyo hakuwahi kuyakuta.

"Huna ugonjwa wowote. Umekuja kufanya nini?"

"Kufuata ufunguo."

"Ufunguo uko mezani tangu ulipoingia."

"Basi nimemfuata aliyeuchukua."

Alitaka kucheka, akajikaza. Taa yake ndogo ilikuwa imemwonyesha kitu: weusi mwembamba kwenye mzizi wa kope, umepangika vizuri mno. "Na hii nyeusi ni nini?"

"Grisi. Kamba za lifti zina grisi."

Grisi haipigi mstari. Lakini fundi alikuwa ametabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa zuri, kwa hiyo neno lile mpima macho akaliweka kiporo.

Mapenzi hayakuchukua muda kushika moto. Fundi alikuwa anapiga simu kila akipata nafasi, na yeye alikuwa anapokea mlio wa kwanza, kisha anajifanya alikuwa na shughuli.

"Daktari."

"Mimi si daktari, mimi ni mpima macho."

"Kwangu ni daktari. Tangu unipime, wanawake wengine siwaoni."

"Basi nilikupima vibaya. Uko wapi?"

"Juu ya lifti, jengo la posta."

"Mbona kimya hivyo?"

"Huku ni mimi na panya tu, mpenzi."

"Panya wa kike au wa kiume?"

Fundi alikuwa anacheka mpaka anakohoa, na yeye upande wa pili anatabasamu peke yake huku mteja akingoja miwani. Alimpenda. Alipenda jinsi anavyomenya chungwa bila kukata ganda, na jinsi anavyosikiliza bila kuingilia. Fundi alipomwambia anataka kuja kwao na wazee wake, awe mke wake mbele ya watu, alimfanya ayarudie maneno hayo mara mbili. Akaomba apewe muda kidogo. Moyo wake ulikuwa umeshakubali, ila kichwa kilikuwa bado kinapiga hesabu, na hesabu zilikuwa zinakataa.

Kwanza, Jumamosi alasiri simu ya fundi ilikuwa haipatikani. Siku moja ikapatikana kwa bahati mbaya, na nyuma ya sauti yake kukasikika mwanamke akitamka maneno ya haraka haraka yasiyoeleweka, na kitu cha mti kikigonga mti.

"Nani huyo?"

"Redio ya mlinzi."

Pili, zilikuwepo siku ananukia asumini. Fundi wa lifti, mtu wa grisi na vumbi, anukie asumini. Tatu, ncha za vidole vyake zilikuwa zinatokea nyekundu mara kwa mara, rangi isiyotoka kwa sabuni. Alipoulizwa alisema ni rangi ya kuzuia kutu, reli za lifti hupakwa hiyo. Maelezo yalikubalika mpaka siku fundi alipokaribishwa chakula nyumbani kwa dada wa mpima macho, akavua viatu mlangoni kwa sababu ya zulia.

Dada mtu alikuwa mkunga, na hakuwa anamwamini mwanamume yeyote anayesema yuko njiani anakuja. Alimvuta mdogo wake jikoni, akafunga mlango kwa mgongo.

"Umeona nyayo zake?"

"Zina nini?"

"Nyekundu. Mpaka kwenye visigino. Hiyo rangi ya kutu imepitaje kwenye viatu na soksi? Anapanda reli peku?"

"Labda ilimmwagikia."

"Mdogo wangu, rangi ikimwagika haijipangi pembezoni mwa mguu kama pindo la gauni. Hiyo imepakwa na mtu aliyetulia. Na aliyepakwa alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha."

Mpima macho alirudi mezani. Alikuwa anamtazama mwanamume aliyetaka kumuoa na kumwona mwanamke mwingine amepiga magoti miguuni pake na kibrashi.

Jumamosi iliyofuata fundi alipiga simu mapema kusema lifti ya jengo la zamani la benki imekwama, kuna watu ndani, hawezi kuonana naye. Yeye akamtakia kazi njema kwa sauti ya upole, akawaombea waliokwama. Alasiri ile ile alikuwa na miwani ya kumpelekea mteja mzee anayeishi ghorofa ya juu kabisa ya jengo hilo hilo la benki. Hakwenda kupeleleza, kazi ndiyo ilimpeleka. Lifti ikafunguka kwa heshima zote, ikampandisha, ikamshusha. Mlinzi, mtu mfupi mcheshi, alishangaa kuulizwa.

"Fundi? Fundi hajakanyaga hapa tangu mwezi uliopita. Hii haina tatizo kabisa."

Kesho yake fundi alimfuata mpima macho chumbani kwake na mfuko wa machungwa. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, vyekundu vibichi.

"Lifti imepona?" mpima macho aliuliza.

"Imepona. Tulipata shida kidogo."

"Pole. Na mlinzi wa pale bado ni yule mfupi?"

"Ni yeye."

"Yule mfupi ndiye aliyenifungulia lifti hiyo hiyo jana, saa hizo hizo ulizokuwa unapata shida."

Fundi akaweka machungwa mezani. Mpima macho akampa kisogo, akaenda dirishani, akaanza kunyoosha pazia lililokuwa limenyooka. Maneno yake aliyatoa akiliambia dirisha. "Sitaki kelele. Niambie tu ni nani, nijue nimepitwa kwa kitu gani." Dirisha halikujibu. Akageuka, akaushika mkono wa fundi, akaupindua kiganja juu, akakagua vidole kimoja kimoja. Kisha akauachia, akajifuta mkono wake kwenye gauni.

"Ana rangi nyingi huyo mwanamke," alisema.

Hapo ndipo alipoona kitu kilichomkera kuliko uongo wote. Fundi hakuwa na uso wa mwizi aliyeshikwa. Alikuwa anamtazama mkono wake, halafu uso wake, halafu mkono tena, kwa makini, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni kabla mwalimu hajafuta.

"Unaangalia nini?"

"Hakuna kitu."

"Toka."

Fundi alifika mlangoni, akageuka. "Jumamosi saa kumi, ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Njoo."

"Nije kufanya nini?"

"Utamwona unayemtafuta."

Mlango ulifungwa hajamaliza vizuri neno la mwisho.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Simu zote za fundi hazikupokelewa. Jumamosi mpima macho alivaa gauni jekundu la kitambaa kizito, viatu vya kisigino kirefu, hereni za dhahabu za mama yake, akapaka mdomo rangi. Dada yake alitaka kwenda naye, akakataliwa.

"Basi sikiliza," mkunga alisema. "Usipige mtu. Hata akikuchekea. Mwangalie juu mpaka chini, kisha toka. Mimi nitakupigia."

Mlangoni mwa ukumbi kulikuwa na bango: dansi ya asili ya Kihindi, bharatanatyam, na picha ya vidole vilivyopakwa rangi nyekundu. Akasimama kulisoma upya. Kumbe mwanamke huyo ni mcheza dansi. Ile rangi, ile asumini, ile sauti ya kwenye simu, vyote vikajipanga sawasawa kichwani mwake, na damu ikamchemka. Aliingia akinusa hewa. Ukumbi mzima ulikuwa unanukia asumini, kwa sababu kina mama wengi walikuwa wamechomeka maua kwenye nywele, na yeye akamtazama mara mbili kila aliyekuwa na maua. Akakaa pembeni, karibu na njia, kiti cha mtu anayejua ataondoka haraka. Jirani yake alikuwa mama mtu mzima mwenye sari ya kijani na miwani iliyomlegea puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mara ya kwanza kuja?"

"Ya kwanza na ya mwisho."

Mama yule akacheka kidogo, akaisogeza pochi yake, mwenzake apate nafasi ya kuweka mkono.

Upande mmoja wa jukwaa walikuwa wamekaa chini mpiga ngoma, mwimbaji, na bibi mmoja mwembamba mwenye matoazi madogo ya shaba mikononi. Bibi akatamka silabi za haraka haraka, zile zile za kwenye simu, na mpima macho akashika ukingo wa kiti. Ndiye huyu? Bibi mwenyewe alikuwa na umri wa kumzaa mama yake. Akaanza kumngoja mwingine. Akatoka mwanamume, kifua wazi, nguo ya hariri yenye mikunjo imefungwa kiunoni, njuga zimepangwa kwenye vifundo vya miguu, macho yamechorwa wanja mpaka karibu na masikio. Mpima macho aliangalia nyuma ya mwanamume huyo kama kuna mwanamke anamfuata. Hakuwepo. Akarudisha macho kwa mchezaji, na kilichomshtua ni shingo. Shingo ile iliyonyooka aliijua.

Fundi wake aliinama, akagusa sakafu kwa vidole vyekundu, akagusa macho yake.

"Anaiomba ardhi radhi," mama wa sari ya kijani alimnong'oneza, "kwa sababu ataikanyaga kwa nguvu."

Akaikanyaga. Mpima macho hakujua kwamba miguu peku inaweza kupiga kelele namna ile, ngoma ikiuliza na miguu ikijibu, njuga zikifyatuka na kunyamaza papo hapo, mwili wote ukisimama ghafla bila kutikisika, na yale macho, yale yaliyofuata kidole chake gizani, yakienda pembe hadi pembe na watu wakayafuata. Mwanzoni hakujua aangalie wapi. Akiangalia mikono anapitwa na miguu, akiangalia miguu uso umeshabadilika. Wenzake ukumbini walikuwa wanahesabu mapigo ya ngoma kwa vidole magotini, na yeye akajisikia mgeni kwenye nyumba ambayo mwanamume wake anajua mpaka kabati la vijiko. Lakini shaka ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Wanja, rangi, asumini, silabi, yote yalikuwa hapa, mbele ya taa, wala hayana mke wala watoto. Alicheka peke yake, akaziba mdomo kwa kiganja. Alijisikia mwepesi, na akajisikia mjinga, na akaona ujinga huo ni mtamu.

Utamu haukudumu. Ngoma ilipopoa, mwimbaji akaanza wimbo wa polepole, na fundi akarudi katikati ya jukwaa akitembea kwa namna nyingine.

"Sasa si mwanamume tena," mama alimweleza. "Sasa ni mwanamke. Mpenzi wake amerudi asubuhi na alama za mwanamke mwingine mwilini. Wimbo una mstari mmoja tu, umetoka wapi. Utaimbwa tena na tena, na kila ukiimbwa yeye ataujibu upya."

Mstari ukaimbwa. Mwanamke wa jukwaani akamtazama mpenzi asiyeonekana, nyusi moja ikapanda. Ukaimbwa tena. Akampa kisogo, akaenda kwenye dirisha ambalo halikuwepo, akaanza kunyoosha pazia ambalo halikuwepo. Mpima macho akalijua pazia hilo. Ukaimbwa tena. Mwanamke akageuka, akashika mkono wa hewa, akaupindua kiganja juu, akakagua vidole kimoja kimoja, akauachia. Na akajifuta mkono kwenye nguo.

Ukumbi ukatoa mguno wa kuridhika. Mtu mmoja nyuma akasema safi kabisa. Mama wa sari ya kijani alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. "Huyo anamjua mwanamke," alisema.

Mpima macho alisimama, visigino vikagonga sakafu njia nzima mpaka koridoni. Uso ulikuwa unamwaka. Siku aliyoumia kuliko zote, watu walikuwa wameinunulia tiketi. Simu ikatetemeka mkononi.

"Umemwona huyo mwanamke?" dada yake aliuliza.

"Nimemwona."

"Anafananaje?"

"Anafanana na mimi, dada."

"Anafanana na wewe kivipi? Upo salama? Mbona sauti hivyo?"

"Nitakupigia."

Alitaka kwenda. Lakini mlango wa ukumbi ulikuwa haujafungwa vizuri nyuma yake, na mstari ule ulikuwa unaimbwa tena, taratibu zaidi, na mtu mwenye shaka hawezi kuondoka kabla hajajua anasemwa nini mwishoni. Akasogea kwenye upenyo, akachungulia.

Mpenzi asiyeonekana alikuwa ameshafukuzwa. Mwanamke wa jukwaani alikuwa peke yake. Alisogea mpaka kwenye mlango ambao haukuwepo, akaulaza mkono wake juu ya mbao, akaweka sikio, akafumba macho, akasikiliza. Hasira yote ilikuwa imemtoka. Alikuwa anaomba hatua zirudi. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko adabu ya jukwaa inavyoruhusu, kisha akaondoka mlangoni akaenda kukaa, kichwa chini, na ngoma ikanyamaza.

Mpima macho alishika fremu ya mlango. Hilo alilifanya. Siku ile baada ya kumfukuza fundi aliegemea mlango vile vile, sikio kwenye mbao, amebana pumzi. Hakumwambia mtu. Hakumwambia hata dada yake. Hapakuwa na mtu wa kumwona, na bado jambo hilo limeonwa. Nani alikuwa anamchungulia? Jirani wa chini? Shaka yake yote ikamrudia kwa mkupuo mmoja, ikamganda pale pale mpaka watu wakamaliza kupiga makofi na kuanza kutoka.

Fundi alimkuta kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, amekaa, viatu amevivua. Alikuwa na njuga mkononi na shati la bluu amelivaa juu ya hariri, vifungo vimekosana. Nyuma yake alikuwa yule bibi wa matoazi, mwalimu wake.

"Ndiye huyu?" mwalimu aliuliza.

"Ndiye."

"Shikamoo," mpima macho alisema bila kuinuka.

"Marahaba, mwanangu. Mwaka mzima, nikimgongea mdundo kwa kijiti juu ya ubao, nilimwambia wivu anaoucheza ni wa mtu aliyepoteza funguo, si wa mpenzi. Wiki hii akaja akaucheza ule mlango, nikajua kuna mtu anaumia mahali. Sikujua kwamba hujaambiwa kitu." Alimgeukia fundi. "Hiyo ni aibu yako, mimi simo." Akaondoka na matoazi yake yamefungwa kwenye leso.

Mpima macho alisubiri hatua za bibi zipotee. "Ulinipenda au ulikuwa unanisoma?"

Fundi alizibana njuga zisilie. "Nilikupenda. Siku ya dirishani nikakusoma pia. Ulipojifuta mkono nikasema moyoni, ndiyo hiyo. Nikajichukia hapo hapo, lakini nilikuwa nimeshaiona."

"Mimi naumia chumbani kwangu, wewe unachukua vipimo."

"Ndiyo."

Alikuwa amejiandaa kwa uongo, amejiandaa mpaka maneno ya kuuvunja. Kwa ndiyo hakuwa amejiandaa. "Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo? Grisi, redio, rangi ya kutu, lifti ya benki. Watu wamo ndani, unaniambia. Niliwaombea watu wale."

"Kuna mwanamke nilitaka kumuoa zamani. Nilimleta kwenye mazoezi, akacheka mpaka akatoka nje. Kesho yake kazini kwangu walikuwa wananiita bi harusi. Mimi mwanzoni nilifika jengo la mwalimu kutengeneza lifti tu. Nikasikia kishindo juu ya kichwa nikadhani mashine imelegea, nikapanda kuitafuta, nikakuta ni miguu. Sikuondoka tena. Nilijua siku ukijua, utacheka."

"Nilicheka leo. Ile dansi ya kwanza. Nilicheka kwa furaha, mpuuzi wewe."

Fundi alitaka kutabasamu, akaona bado ni mapema.

"Na mlangoni?" mpima macho aliuliza. "Nani alikwambia?"

"Mlangoni wapi?"

"Usijifanye. Pale mwisho, alivyoweka sikio. Ni yule jirani wa chini?"

"Hakuna aliyeniambia kitu. Pale sikukuiga wewe." Fundi alikaa ngazi moja chini yake. "Pale ni mimi. Uliponifungia, nilibaki nje nimeweka sikio mlangoni, nasubiri nisikie ukitembea, hata ukitupa machungwa. Nikasikia kimya. Nikasema amekaa kitini, amenimaliza. Nikashuka."

Mpima macho alimtazama usoni. Wanja ulikuwa umeanza kumchuruzika, na hakuwa anacheza mtu yeyote.

"Ulisikia kimya kwa sababu nilikuwa mlangoni," alisema. "Upande wa ndani. Na mwisho wako umeukosea."

"Nimeukosea wapi?"

"Yule mwanamke wako anarudi kukaa. Mimi sikurudi kukaa."

"Ulifanya nini?"

"Nilifungua."

Fundi akageuka mzimamzima, njuga zikalia mapajani mwake.

"Nilifungua mlango, na ngazi zilikuwa tupu," mpima macho alisema, na machozi aliyoyazuia wiki nzima yakaanza kumtoka bila haraka. "Nikasimama pale kizingitini kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Sitaacha kukushuku, nakwambia kabisa. Ukichelewa nitauliza, ukinukia nitauliza. Ndivyo nilivyo. Lakini nilifungua."

"Sikujua."

"Ulikuwa hujui, na ukaondoka."

Watu wa mwisho walikuwa wanatoka ukumbini, wanaangalia pembeni kwa adabu. Fundi alimwuliza kwa sauti ndogo kama wazee wake bado wanaweza kuja.

"Waje," mpima macho alisema. "Na wewe mwenyewe nikikufungia siku nyingine, kaa. Kaa hapo hapo mlangoni, hata nikichelewa."